Jembe Likiwa Hewani

Kanda ilikuja bila jina.
Karatasi yake ilifutika kwa jasho la mfuko wa Masalu,
kaka yangu, kuli wa Bandari ya Kusini,
aliyeipata kwa baharia wa meli ya Kisumu
kwa bei ya sato wawili na ahadi.

Tulikaa Mabatini, juu kabisa, kwenye mawe,
mahali ambapo maji hupanda kwa ndoo
na habari hushuka zenyewe.
Betri tulizianika tangu asubuhi, kama dagaa.
Jioni Masalu akafunga kifuniko cha redio kwa raba bendi,
akabonyeza.

Besi ikatangulia.
Haikuja kwa masikio. Ilipitia sakafuni,
ikapanda miguu ya stuli,
mfuniko wa sufuria ya maharage ukatetemeka.
Kisha gitaa: chaka. Kimya. Chaka.
Kama mtu anayechelewa kwa makusudi.

Na mawe yetu, mnayajua,
hayamwachi mtu aseme mara moja.
Sauti ilikwenda hadi kwa akina Lugendo, ikarudi,
ikagonga jabali la nyuma ya choo, ikarudi tena imechoka,
Masalu akaapa kwamba huko kisiwani
mafundi hulipwa kutengeneza kwa mitambo
mwangwi huu tunaopewa bure pamoja na nyoka.

Mama yetu, Nshoma binti Kulwa, alikuwa anachambua choroko.
"Anasema nini huyo?"
Anasema anataka kurudi nyumbani. Afrika.
"Nauli anayo?"
Mama, babu zake walichukuliwa. Kwa meli. Wakalimishwa miwa.
Mkono ukasimama juu ya ungo.
"Kwa fimbo?"
Kwa fimbo.
"Sisi ilikuwa pamba," akasema.
"Baba alichapwa kwa ajili ya mashina
aliyochelewa kuyang'oa."
Akapuliza makapi.
"Rudisha nyuma."

Masalu akachomeka kalamu kwenye tundu la kanda,
akazungusha, kuzihurumia betri,
na yule mtu wa kisiwani akaanza upya
kutaka kurudi.

Nyuma ya mlango palikuwa na jembe la Magu
ambalo halikuwahi kukubali kwamba tumehamia mjini.
Mama akalichukua.
"Ninyi mnasikiliza vibaya. Mnangoja jembe litue.
Huyu hapigi linapotua.
Anapiga likiwa hewani."
Akainua: chaka.
Akashusha: besi, na udongo ambao haukuwepo.
Akainua: chaka.
Kanga ikamlegea kiunoni, hakujali.
Akatuambia, huku pumzi zikimkatika,
kwamba kwenye bugobogobo mpiga ngoma mzembe
huyafuata majembe;
aliye hodari huyaita juu.
"Kushuka, jembe linajua lenyewe. Ni uzito wake.
Kupanda ndiko kunakotaka ngoma."

Baadaye nimesoma watu wenye vyeti wakibishana
ngoma ipi ilivuka bahari, na ya pwani gani,
na karibu wote wananyoosha kidole magharibi, mbali na kwetu.
Huenda ni kweli. Huenda babu zake yule mtu
hawakuwahi kusikia neno Usukuma
wala kuliona ziwa hili hata kwa ndoto.
Mama hakusema ni ndugu yetu.
Alisema tu: "Huyu katoka kulima,"
kama anavyosemwa mtu aliyepita njiani na tope miguuni,
ambaye hujamuuliza ukoo
lakini tayari unamtafutia maji ya kunawa.

Masalu alivaa kofia yake ya rangi tatu, nyekundu, manjano, kijani,
ile Mama aliyodhani ni ya timu ya mpira.
Usiku huo hakumwambia aivue mezani.

Kisha betri zikaanza kufa.
Sauti ikazama, ikavutika,
ikawa ya mzee sana anayetafuta neno.
"Kachoka," Mama akasema. "Anakotoka ni mbali."
Akarudi kwenye choroko zake.

Jembe hakulirudisha nyuma ya mlango.
Lililala katikati ya chumba, na sisi tukawa tunaliruka.